Zimegeuka au Zinageuzwa?

Ulimi hauna mfupa, walinena wahenga, na aghalabu tunaitumia methali hii kuwaonya wasengenyaji. Mimi sikumsengenya mtu. Nilitafsiri sentensi moja tu, kwa nia njema, kando ya kitanda cha mtoto mgonjwa, na sentensi hiyo nusura itugharimu maisha yake. Ninaandika makala haya kwa wenzangu wanaosomea Kiswahili, na kwa wahadhiri wetu, kwa sababu kosa lenyewe lilikuwa la sarufi.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Shangazi yangu, ambaye sisi Waluhya humwita senge, alinipigia simu kutoka hospitali moja kubwa ya rufaa. Mwanawe wa kiume, mwenye umri wa miaka sita, alikuwa amevimba taya. Nyumbani kwao, kwenye nyanda za joto karibu na Ziwa Viktoria, watu walidhani ni gego bovu. Jino lilipong'olewa, uvimbe haukupungua. Uliongezeka hata jicho la upande ule likaanza kusukumwa juu. Senge alisema, "Mwanangu, njoo. Hapa wanazungumza mambo nisiyoyaelewa, na wewe ndiwe msomi wa lugha."

Nilikwenda nikiwa nimevimba kichwa, sikufichi ewe msomaji. Daktari alikuwa Mkenya kama sisi, tena mpole. Alimwamkia senge kwa Kiswahili, akamuuliza hali, akamtania mtoto. Lakini alipofika kwenye kiini cha ugonjwa, Kiswahili kilimwishia kama maji katika mtungi uliotoboka, akaendelea kwa Kiingereza. Alieleza kwamba chembe za taya lile zilikuwa zimeiacha tabia yake ya asili na kushika tabia ya saratani. Nami nikamgeukia senge, nikasema kwa sauti ya mtu anayejua: "Senge, daktari anasema kwamba chembe za taya la mtoto zimebadilika."

Senge alishusha pumzi. "Mungu ni mwema," akasema.

Sikutambua kwa nini alimshukuru Mungu. Mtoto alianzishiwa tibakemikali, na katika muda mfupi uvimbe ukaanza kuyeyuka. Ugonjwa ule una sifa hiyo: hukua kwa kasi ya kutisha, na ukikutana na dawa hunywea kwa kasi vilevile. Senge alipoona shavu la mwanawe limerudi mahali pake, alifungasha nguo na kurudi naye nyumbani kabla ya duru za dawa kwisha. Alipoulizwa na jirani wa kitanda, alijibu kwamba mpwa wake, msomi, alikuwa amekwisha kumthibitishia: chembe zimebadilika.

Wiki sita baadaye uvimbe ulirudi.

Nimelitafakari neno lile mara nyingi. Katika mazungumzo yetu ya kila siku, mgonjwa "akibadilika" mara nyingi huwa amepata nafuu. Mlevi "akibadilika" huwa ameacha ulevi. Kamusi haikunidanganya, kwani mabadiliko yalikuwepo. Lakini nililitoa neno bila kuonyesha limeelekea wapi, bila kumtaja aliyesababisha, na bila kusema iwapo jambo lilikwisha au lilikuwa likiendelea. Neno lilibaki tupu, na mama mwenye hofu akalijaza tumaini.

Muhula huohuo, mwenzangu wa chumbani, aliyekuwa akisomea biokemia, alikuwa akijiandaa kwa semina. Usiku mmoja alinisomea mada yake: jinsi halijoto inavyoathiri tabia ya seli zilizogeuzwa na virusi. Nilipolisikia neno "zilizogeuzwa" nilishtuka kama mtu aliyetajiwa deni lake. Nikamuuliza, "Seli hizo ziligeuzwa mara moja zikaachwa, au zinageuzwa hadi sasa?"

Aliweka kalamu chini. "Hilo," akasema, "ndilo swali lenyewe ambalo jaribio lilifanywa ili kulijibu."

Kisa chenyewe, ndugu msomaji, kilianza na kuku. Mwaka 1909, katika Taasisi ya Rockefeller mjini New York, mtafiti Peyton Rous alipelekewa kuku mwenye uvimbe kifuani. Aliusaga uvimbe ule, akauchuja kwa kichujio chenye vitundu vidogo mno visivyopitisha seli wala bakteria, kisha akawadunga kuku wengine maji yaliyochujwa. Nao wakaota uvimbe. Mwaka 1911 alitangaza kwamba saratani ile ilisababishwa na kitu kidogo kuliko seli, yaani kirusi. Wengi hawakulitia maanani jambo hilo. Rous alitunukiwa Tuzo ya Nobeli mwaka 1966, akiwa na umri wa miaka 87. Kweli, mstahimilivu hula mbivu.

Katika mwaka 1958, Howard Temin na Harry Rubin walionyesha namna ya kuzihesabu kazi za kirusi hicho ndani ya kisahani cha maabara. Seli za kawaida za kiinitete cha kuku zikikuzwa katika kisahani huwa na adabu. Hujinyoosha zikalala bapa, hushikilia sakafu ya kisahani, na zikigusana na jirani zake huacha kusonga na kusongamana. Zikishikwa na kirusi cha Rous, adabu hiyo hutoweka. Huwa za mviringo, hulegeza mshiko wake sakafuni, hupandiana moja juu ya nyingine kama abiria wa matatu jioni, na hufyonza sukari kwa pupa. Hizo ndizo wanasayansi wanazoziita seli zilizogeuzwa.

Swali lilikuwa hili: kirusi kilifanya nini hasa? Labda kilikuwa kama mchochezi anayewasha moto kijijini kisha akaenda zake. Hata akikamatwa, moto huendelea kuwaka. Au labda kilikuwa kama mkuu wa genge anayetoa amri kila saa. Siku akinyamazishwa, genge hutawanyika. Mtu angeitazama seli iliyogeuka kwa hadubini asiweze kupambanua, kwa maana katika hali zote mbili seli ni ileile, mviringo na yenye fujo.

Hapa ndipo halijoto ilipotumika kama ufunguo. Mwaka 1970, katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mtafiti G. Steven Martin alieleza habari za kirusi cha Rous kilichokuwa na badiliko dogo katika jeni zake. Katika nyuzi 36 za Selsiasi kirusi hicho kiliweza kuzigeuza seli kama kawaida. Katika nyuzi 41 hakikuweza. Jambo la ajabu ni kwamba katika nyuzi 41 kirusi hakikuwa kimekufa. Kiliendelea kuzaana ndani ya seli. Kilichopotea ni uwezo mmoja tu, uwezo wa kuzigeuza.

Likafuata jaribio ambalo hata mtoto anaweza kulielewa. Seli zilizokwisha kugeuka katika nyuzi 36 zilihamishiwa kwenye joto la nyuzi 41. Zikarudi kujinyoosha, zikalala bapa, zikarejea adabu yake. Ziliporudishwa kwenye nyuzi 36, zikaasi tena. Mwaka 1971, Kawai na Hanafusa walieleza matokeo ya namna hiyohiyo kwa kirusi kingine chenye badiliko kama hilo: joto likipanda seli hutulia, joto likishuka seli huchafuka, na mageuko hayo huonekana katika muda wa saa chache tu. Wala si kwamba nyuzi 41 ni joto la kuiteketeza seli ya kuku. Joto la mwili wa kuku mzima ni takribani nyuzi 41. Kwa seli hizo, hilo ni joto la nyumbani.

Sababu yake ni hii. Jeni ya kirusi huamuru kuundwa kwa protini, na protini ni mnyororo uliokunjwa kwa umbo maalumu. Umbo likivurugika, kazi husimama. Badiliko katika jeni lilikuwa limeifanya protini ya kirusi kile iwe dhaifu. Katika joto la chini ilishikilia umbo lake, katika joto la juu ikalegea, mfano wa mafuta ya kupikia yaliyoganda koponi ambayo huyeyuka yakisogezwa karibu na jiko. Watafiti walikuja kubaini baadaye kwamba kazi ya protini hiyo ni kubandika fosfati juu ya protini nyingine za seli, na kwa njia hiyo kuzipa amri zisizokoma. Jeni yake ikaitwa src. Mwaka 1976, Stehelin, Varmus, Bishop na Vogt walionyesha kwamba jeni inayofanana nayo imo katika seli za ndege wa kawaida wasio na ugonjwa wowote. Kirusi kilikuwa kimeiba mali ya mwenye nyumba na kuitumia kumwasi. Bishop na Varmus walitunukiwa Nobeli kwa kazi hiyo mwaka 1989.

Mwenzangu alipomaliza, nilichukua karatasi nikaandika maneno matatu: zimegeuka, ziligeuzwa, zinageuzwa.

Tuyatazame kama tunavyofundishwa. "Zimegeuka" ina kiambishi cha hali timilifu: tendo limekamilika na athari yake ingalipo, ila mtendaji hayumo kabisa, kana kwamba seli ziliamka siku moja zikageuka zenyewe. "Ziligeuzwa" iko katika kauli ya kutendwa: yupo aliyezigeuza, lakini njeo ya wakati uliopita inaturuhusu kufikiri kwamba alikwisha kuondoka. "Zinageuzwa" inasema mambo mawili kwa mkupuo: kwamba yupo mgeuzaji, na kwamba hajaondoka. Wanasayansi walibishana kwa miaka juu ya tofauti hii. Walihitaji visahani, viinitete vya kuku na masanduku mawili ya joto ili kuchagua kati ya -li- na -na-. Jibu la mwaka 1970 likawa -na-. Seli za Rous zinageuzwa, dakika kwa dakika, na mgeuzaji akinyamazishwa kwa joto, hurudi utiini.

Tumezoea kusikia kwamba Kiswahili hakina msamiati wa sayansi. Kwa kiasi fulani malalamiko hayo yana msingi, ingawa tangu mwaka 1990 tuna kamusi ya TUKI ya biolojia, fizikia na kemia. Lakini usiku ule niliona kwamba lugha yetu ilikuwa na chombo cha kulieleza jaribio lile kwa neno moja la kitenzi, huku jina la kitaalamu lililozoeleka kwa Kiingereza likiliacha jambo hilo gizani. Kilichopungua kando ya kitanda cha binamu yangu hakikuwa msamiati wa Kiswahili. Kilichopungua kilikuwa makini ya mtumiaji wake.

Furaha ya ugunduzi huo nusura inipeleke kwenye kosa la pili. Senge alikuwa amerudi hospitalini na mtoto, matibabu yakaanza upya, safari hii makali zaidi, na nyumbani ng'ombe wawili walikuwa wameuzwa. Nilipomtembelea wodini nilitaka kumpa moyo. Nikamwambia kwamba wako wataalamu waliozipandishia joto seli za saratani zikarudi kuwa njema. Aliniangalia kwa macho ya mtu aliyekwisha kuona mlango.

"Basi nimfunike mablanketi mangapi, mwanangu?"

Nilihisi baridi mgongoni. Safari hii nilinyamaza kwanza. Kisha nikakaa juu ya ukingo wa kitanda na kumweleza polepole: "Hapana, senge. Joto lile haliponyi saratani. Kirusi kile cha kuku kilikuwa na kilema. Joto lilikishinda kwa sababu ya kilema chake. Kirusi kisicho na kilema huzigeuza seli hata katika joto hilo. Tena ugonjwa wa mtoto huyu si ule wa kuku. Mablanketi yatamchosha tu. Dawa zake ni hizi zinazopita katika mshipa."

Alitikisa kichwa, akakubali. Kisha akauliza swali ambalo halikuniacha nilale: "Mbona wana wa dada yangu aliyeolewa huko Nyandarua hawaupati ugonjwa huu? Huko kuna baridi."

Senge hakujua kwamba swali hilo liliwahi kuulizwa na daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 Burkitt alianza kuchunguza watoto waliovimba mataya kwa namna isiyo ya kawaida, na mwaka 1958 akachapisha habari za uvimbe huo, ambao leo unaitwa kwa jina lake. Mwaka 1961, yeye na madaktari Ted Williams na Cliff Nelson walifunga safari ya gari kutoka Uganda hadi Afrika Kusini na kurudi, yapata kilomita 16,000 kwa wiki 10, wakiuliza hospitali baada ya hospitali iwapo waliwaona watoto wa aina hiyo. Ramani yao ilionyesha kwamba karibu na ikweta ugonjwa ulikuwa adimu kwenye miinuko inayozidi mita 1,500 hivi. Kadiri walivyokwenda kusini, mpaka huo wa mwinuko ulishuka. Basi haukuwa mwinuko wenyewe, ilikuwa halijoto. Ugonjwa ulikaa mahali ambapo baridi haishuki chini ya nyuzi 16 hivi na mvua ni ya kutosha.

Kwa hiyo joto limo tena, lakini kwa mlango mwingine kabisa. Halizigeuzi seli za taya wala halizitulizi. Joto na mvua huwafaa mbu, na ramani ya uvimbe ule iliafikiana na ramani ya malaria kali. Mwaka 1964, Epstein, Achong na Barr waliripoti kwamba wameona kirusi katika seli za uvimbe uliotoka Uganda. Kirusi hicho, Epstein-Barr, hakisambazwi na mbu. Watu wengi mno duniani wanacho mate yao yakiwa njia yake, na hawaugui saratani. Lakini mtoto anayekipata mapema, na ambaye kinga yake inashindana na malaria mwaka hadi mwaka, yumo hatarini zaidi. Hatimaye hutokea ajali ndani ya seli moja: vipande vya kromosomu hukatika na kuunganishwa mahali pasipo pake, na jeni inayoamuru seli igawanyike hubaki imewashwa.

Hapo nikalazimika kurudi kwenye karatasi yangu. Kwa seli za kuku wa Rous njeo sahihi ni -na-. Kwa seli za binamu yangu, -na- peke yake haikutosha. Ajali ya kromosomu imekwisha kutokea na haijirudishi. Hapo -me- ina haki yake. Tatizo la tafsiri yangu ya kwanza, basi, halikuwa kiambishi. Lilikuwa kitenzi. Ningesema "zimeharibika", senge asingemshukuru Mungu. Na ningeongeza kile ambacho daktari alikusudia: kwamba dawa inaziua chembe hizo, na zikisalia chache, hata kama shavu limenywea na jicho halioni kitu, zitazaana upya.

Nilirudi wodini siku iliyofuata kabla ya mhadhara. Nikamwambia senge sentensi hiyo, neno kwa neno, nikamwomba anirudishie kwa maneno yake mwenyewe. Akasema kwa Kiluhya, kisha kwa Kiswahili: "Ni kama magugu. Shamba likionekana safi, mizizi ingalipo. Tusiache kupalilia."

Sijawahi kusoma istilahi iliyonifaa kuliko hiyo.

Mtoto alimaliza duru zote za dawa. Leo amenipita kwa kimo, na taya lake lina kovu dogo ambalo yeye hudai ni la mpira wa miguu. Katika wodi ile si kila kitanda kilipata bahati hiyo, na sijui wangapi miongoni mwa mama zao walitafsiriwa na mtu mwenye haraka kama mimi.

Tangu Katiba ya mwaka 2010 Kiswahili ni lugha rasmi ya taifa letu sambamba na Kiingereza. Ni fahari kubwa, nasi wanachama hutaja kifungu hicho katika kila kongamano. Lakini urasmi wa lugha haukamiliki kwenye karatasi. Unakamilika pale daktari anapoweza kufika mwisho wa maelezo yake bila kuihama lugha ya mgonjwa, na pale mkalimani anapojiuliza, kabla ya kufungua kinywa: nani ametenda, tendo limekwisha au lingaliendelea, na msikilizaji wangu atalisikiaje neno hili akiwa na hofu? Maswali hayo tunayafanyia mtihani kila muhula chini ya vichwa vya kauli, njeo na semantiki. Tunapata alama, tunasahau.

Mimi siwezi kusahau. Kila ninapopitia sura ya vinyambuo nikafika kwenye geuka, geuza, geuzwa, namwona senge akishusha pumzi kando ya kitanda, akimshukuru Mungu kwa habari mbaya niliyomletea.